Skana ya eabegi: inajua kusoma, kupapasa haijui

Nimekaa na skana hii, chombo cha kusoma hitilafu kwenye kompyuta ya gari, miezi mitano. Naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoinyima iliniuma mfukoni, nitaieleza.

Taa ya eabegi (ile mifuko ya hewa inayokukinga kwenye ajali), yule mtu mwekundu aliyeketi na mpira mbele ya kifua, hutakiwa kuwaka ukifungua swichi, ikae sekunde chache kisha izime. Yangu ikawa na tabia zake. Siku mbili kimya, siku ya tatu nikipita kwenye matuta inawaka hadi nizime gari. Mke wangu akasema, "Baba, hii taa inatukonyeza." Wakati ule nilikuwa na kile kidude kidogo kinachounganishwa na simu. Nikakichomeka, kikanijibu hakuna kodi, yaani namba ya hitilafu, hata moja. Hakikudanganya, ni kwamba hakikuuliza. Vidude vingi vya aina hiyo husoma kodi za injini, zinazoanza na P. Eabegi ina kompyuta yake na kodi zake, zinazoanza na B, na bila chombo kinachojua kuzungumza na kompyuta hiyo unabisha hodi nyumba isiyo yake.

Ndipo nikanunua hii. Unaichomeka chini ya usukani, unachagua aina ya gari, unaingia kwenye SRS, yaani mfumo wa eabegi, na haikufika dakika moja ikaniambia: saketi ya sensa ya mgongano (kifaa kinachohisi gari likigonga), mbele kushoto. Kioo chake kinasomeka hata juani na waya wake ni mrefu wa kutosha kukaa nje ya mlango. Nilichokipenda zaidi ni kwamba inatenganisha kodi ya sasa na kodi iliyopita. Kwa hitilafu inayokuja na kwenda kama yangu, hilo ni jambo kubwa: siku taa imezima, kodi ilikuwepo bado, imeandikwa kama kumbukumbu.

Sasa ile nyota. Chini ya kodi, kwa maandishi madogo, skana iliongeza ushauri: "Sensa mbovu. Badilisha." Nikatii kama mtoto wa shule. Nikanunua sensa, nikafunga, nikafuta kodi, nikajisifu. Siku ya nne, tuta la kwanza tu, mtu mwekundu huyo karudi.

Kosa ni la skana na ni langu pia. Kodi ilitaja saketi, mimi nikasoma sensa. Saketi ni sensa, ni waya mbili, ni soketi za njiani, ni kompyuta yenyewe iliyojificha katikati ya gari karibu na gia. Skana huona tu kwamba mazungumzo yamekatika. Yamekatikia wapi, haina mkono wa kupapasa.

Nikampigia rafiki yangu fundi umeme. Akacheka kwanza, kisha akauliza, "Umepima waya, kaka, au umepima mkoba?"

Alinielekeza hivi. Zima swichi, ondoa waya wa hasi kwenye betri, usiguse kitu. Kompyuta ya eabegi hutunza umeme wa akiba wa kulipua mifuko hata betri ikifa kwenye ajali, kwa hiyo lazima usubiri uishe. Magari mengine huhitaji sekunde 90, mengine dakika 3. Kitabu cha gari lako ndicho kinachosema. Kisha chomoa soketi upande wa sensa na upande wa kompyuta, ili mita ipime waya mtupu. Na mifuko yenyewe usiipime kwa mita ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) kamwe, kwa sababu hata umeme mdogo wa mita unaweza kuifyatua. Sensa nayo usihangaike kuipima omu. Zile za kizamani zilikuwa na kitufe cha chuma ndani, lakini nyingi za siku hizi zina chipu inayozungumza na kompyuta kwa lugha ya kidijitali, na omu zake hazikuambii lolote.

Nikapima. Waya wa kwanza, chini ya omu moja. Wa pili, vilevile. Kati ya kila waya na bodi, hakuna shoti. Kati ya waya na waya, hakuna. Nikampigia tena kwa unyonge: waya ni nzima. Akasema neno moja: "Tikisa."

Nikaweka mita kwenye waya wa pili, mkono mwingine nikaupitisha nyuma ya bampa nikifuata fungu la waya kidogo kidogo. Nilipofika kwenye mabano ya taa kubwa, namba ikaruka, ikapotea, ikarudi. Bampa hilo liliwahi kufunguliwa na kunyooshwa, na aliyelirudisha alibana waya kati ya mabano na bodi. Ganda kwa nje lilikuwa na alama tu kama ya kucha. Ndani shaba imekuwa kijani na zimebaki nyuzi mbili tatu zinazogusana zikipenda.

Hapa skana ilishindwa tena kidogo. Ina ukurasa wa hali ya sensa moja kwa moja, ila unajisasisha polepole mno kuona mkatiko wa kufumba na kufumbua.

Kuhusu kuunga: kuna watengenezaji wanaokataza kabisa kuunga waya za eabegi, wanataka fungu lote libadilishwe. Wa gari langu wanaruhusu, kwa kiungo cha kubana na mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Utepe wa kuzungushia hapana, maji ya barabarani yanaupenda sana. Sensa nikaihakiki mshale unaangalia mbele, soketi nikaisukuma hadi ikalia na kitasa chake cha pili kikafunga.

Kufuta kodi, skana hii ni mwaminifu. Hitilafu ikiwa ipo wakati huohuo, kodi inarudi mbele ya macho yako. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaochomoa balbu ya taa hiyo au kuiunganisha na taa ya oili ili izime nayo, kisha wanamuuzia mtu gari. Mshitiri anaendesha na mifuko ambayo huenda isifunguke, na dashibodi inamchekea.

Ukiwa na gari moja na huna mita, usiinunue, mlipe fundi mwenye nayo. Ukiwa na mita na subira, inafaa, ila yale maandishi madogo yafunike kwa kidole. Sensa yangu ya zamani iko kwenye droo, nzima kabisa.