Hofu ya Sebuleni: Nilivyoitazama Animal Kingdom Mara Mbili

Mara ya kwanza niliitazama filamu hii katika hali mbaya. Duka moja la filamu lilininakilia kwenye flashi, likaiweka katika folda ya filamu za mapigano, na nakala yenyewe ilikuwa imekatwa dakika kadhaa za mwanzo, tena picha ina kiza na lafudhi ya Kiaustralia hainiingii masikioni. Nilikaa nikingoja benki ivamiwe, haikuvamiwa, nikapitiwa na usingizi. Miezi mingi baadaye niliikodi mtandaoni ikiwa nzima, yenye maandishi ya Kiingereza chini ya picha, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kile nilichokatiwa ndicho kinachoibeba filamu yote.

Animal Kingdom ilitoka mwaka 2010. Ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji David Michôd, na mwaka huohuo ilipata tuzo kuu ya majaji katika tamasha la filamu la Sundance kwa upande wa filamu za kubuni kutoka nje ya Marekani. Inahusu familia ya majambazi wa jiji la Melbourne, Australia: bibi mmoja, wanawe wa kiume, na mjukuu aliyeletwa kwao kwa kukosa pa kwenda.

Mwanzo ambao duka lile liliniibia ni huu. Kijana wa miaka 17, Joshua, ambaye kila mtu humwita J, amekaa kwenye kochi pembeni ya mama yake, nawe ungedhani mama amelala. Runinga inaonyesha mchezo wa bahati ambamo watu hufungua mikoba ili kujua ina fedha kiasi gani. Wahudumu wa ambulensi wanaingia, wanauliza mama ametumia nini, na J anawajibu kwamba ni heroini. Kisha, wakati wao wanahangaika sakafuni kumwokoa, macho ya kijana yanarudi taratibu kwenye runinga. Hapigi kelele wala hatoi chozi. Baadaye anampigia simu bibi yake mzaa mama, kwa sababu hajui mazishi hupangwa vipi. Bibi anakuja kumchukua, na moyo wangu ulikuwa tayari umeshaanza kwenda mbio ingawa sikuwa nimeonyeshwa hata bastola moja.

Kinachofuata ni majina ya waigizaji yakipita juu ya picha mgando za kamera za ulinzi: watu waliofunika nyuso, wakiwa na bunduki, ndani ya benki. Huo ndio ujambazi wote wa benki tutakaouona. Filamu za familia za wahalifu zimetuzoeza mpangilio wake: mpango unachorwa mezani, wizi unafanyika, fedha zinagawanywa, mmoja anasaliti. Michôd ameuweka mpangilio huo kwenye picha zilizoganda, kama mambo yaliyokwisha pita, kisha akatupeleka nyumbani kwa wahusika kuangalia kinachobaki kazi ikiisha. Baz, mshirika wa familia aliye na busara kuliko wenzake, anamwambia Pope, mwana mkubwa wa bibi, waziwazi kwamba biashara yao imefika mwisho, na anamzungumzia soko la hisa. Muda si mrefu polisi wanampiga Baz risasi ndani ya gari lake kwenye maegesho ya maduka.

Kisasi cha kifo hicho ndicho kitovu cha hadithi. J anaagizwa kuiba gari. Linaachwa barabarani usiku. Askari wawili vijana wanakuja kulikagua, na wanauawa. Kisa hiki kimechukuliwa kwa mbali kutoka tukio la kweli la Walsh Street, Melbourne, la Oktoba 1988, ambapo askari wawili walioitwa kuangalia gari lililotelekezwa waliuawa, na washtakiwa wanne wakaachiwa huru na mahakama mwaka 1991. Kwa kujua hilo nilielewa kwa nini filamu haimpi mtazamaji raha ya kisasi. Mauaji yanapita haraka, bila shamrashamra, na mzigo wake unamwangukia kijana ambaye hakuelezwa gari lilikuwa la nini. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hapa aliyepewa sahani ya kwanza ni asiyelichuma.

Mimi nimelelewa katika nyumba ya bibi, na wajomba zangu ndio walionilipia ada ya shule. Kwetu mjomba ni mtu wa kukimbilia. Ndiyo maana sikuweza kumtazama Pope, mjomba mkubwa aliyechezwa na Ben Mendelsohn, bila kuhisi baridi. Hapazi sauti. Anauliza maswali kwa upole, anakusihi umwambie kinachokusumbua, na kadiri anavyokuwa mpole ndivyo unavyotamani mtu afungue mlango atoke. Kuna onyesho ambalo amekaa akitazama wimbo wa mapenzi kwenye runinga, kamera ikimsogelea polepole, huku Nicky, mpenzi wa J, amelala karibu yake. Hakuna kinachotokea, ila macho tu. Sijaona filamu iliyojaa risasi ikanitia hofu kiasi hicho.

Na kuna bibi mwenyewe, Janine, anayeitwa Smurf. Jacki Weaver aliteuliwa kuwania Oscar kwa uigizaji huu, na alistahili. Huwabusu wanawe midomoni kwa muda unaozidi kidogo tu ule unaofaa, na hiyo nukta ya ziada inaeleza kila kitu kuhusu nani anatawala nyumba ile. Anapofika wakati wa kupanga jambo baya kuliko yote, analipanga kwa sauti ileile ya tabasamu anayotumia kuwaita watoto wake wapenzi. Mkuu wa ukoo wa wahalifu huwa mzee wa kiume nyuma ya meza kubwa. Hapa ni mama wa jikoni, na badiliko hilo moja linaigeuza taharuki nzima.

Yapo yasiyonipendeza. Mpelelezi Leckie, anayechezwa vizuri na Guy Pearce, anapewa hotuba ya wenye nguvu na wanyonge porini ambayo inatufafanulia jina la filamu, yaani ufalme wa wanyama, kana kwamba tusingelielewa. Mwendo wa taratibu wenye muziki mzito umetumika mara nyingi mno. Kuhusu ukimya wa J, ambao wengi huulalamikia, mimi nautetea: mtoto aliyekulia katika nyumba kama hiyo hujifunza kuficha uso kabla ya kujifunza kusema.

Anayetaka kuitazama asikubali nakala ya flashi kama yangu; aikodi ikiwa nzima, na awaondoe watoto sebuleni, kwa kuwa kuna dawa za kulevya na kifo cha binti mdogo ambacho ni kigumu kukitazama. Filamu inaisha kwa mjukuu kumkumbatia bibi yake. Kilichotangulia sitakisema, lakini niliirudisha nyuma mara tatu ili niutazame tena uso wa bibi.