Wikidata na upangaji wa vitambulisho: maoni ya mtumiaji wa Mwanza

Kwa miezi kadhaa nimeitumia Wikidata, hifadhidata huru iliyozinduliwa Oktoba 2012 ambayo yeyote anaweza kuihariri, kuorodhesha samaki wa Ziwa Victoria pamoja na vitabu vichache vilivyochapishwa hapa mjini. Ninayopima hapa ni namna inavyopanga aina za vitambulisho, yaani namba au misimbo ambayo kitu hutambulika nayo katika orodha nyingine.

Kwa samaki imenifaa sana. Sangara anayeuzwa Mwaloni, Kirumba, ana ukurasa mmoja wenye jina lake la kisayansi, Lates niloticus, na chini yake zimo namba anazotambulika nazo katika FishBase (hifadhidata ya samaki) na GBIF (hifadhidata ya viumbe hai), kila moja ukiibofya inakupeleka huko. Vitambulisho hivyo vina aina yake ya data, mbali na maandishi ya kawaida, na hupangwa katika sehemu yake chini ya ukurasa.

Ugumu unaanzia kwenye makundi ya vitambulisho vyenyewe. Baadhi yamepangwa kwa kuangalia kinachotambulishwa, kama vile mtu, mahali au kiumbe. Mengine kwa nchi. Mengine kwa tabia ya kitambulisho, kwa mfano kama ni cha pekee, yaani hakirudiwi kwa vitu viwili. Vigezo vyote vimewekwa chungu kimoja, na mgeni hajui aanzie wapi. Tazama uwanja wetu wa ndege: IATA, chama cha mashirika ya ndege, huuita MWZ; ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, huuita HTMW. Katika msimbo wa pili, HT ni alama ya Tanzania, ilhali wa kwanza hauitaji nchi hata kidogo. Kwangu hizo ni aina mbili tofauti kabisa, lakini kundi la kuzitenganisha kwa msingi huo sikulipata.

Hata hivyo, ukaguzi wa Wikidata ni makini, na ndio ulionifanya niipe nyota nne kati ya tano. Nilipoingiza matoleo mawili ya kitabu kimoja, alama ya onyo ilitokea kwamba ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, imejirudia. Kumbe mchapishaji alichapa namba ileile kwenye toleo lililorekebishwa, ilhali kila toleo la namna hiyo hustahili ISBN yake. Nilipompigia simu alinijibu, "Ndugu yangu, kitabu si ni kilekile?" Toleo la pili nimeliacha bila namba.