Kushusha Impreza WRX: seti ipi ununue na ipi uiache dukani

Naongelea Subaru Impreza WRX bodi ya GD, yaani zile za 2000 mpaka 2007, maana ndizo zimejaa mtaani na kila mwenye nayo anataka ilale chini. Kabla hujaanza kutajiwa majina ya kampuni elewa kwanza, kinachofanya uipende gari au uichukie ni shokapu. Springi inabeba uzito na kuamua gari isimame urefu gani, ila kuidhibiti ikicheza ni kazi ya shokapu, sasa mtu anatoa hela ya springi mpya zina rangi nzuri anazifunga kwenye shokapu zilizochoka tangu Japani halafu anashangaa gari inarukaruka kama mbuzi, aisee.

Halafu kuna hili la urefu. Mguu wa mbele wa GD ni wa MacPherson, yaani shokapu na springi vimeshikana na ndivyo vinavyoshika tairi kwa juu, ukishusha kupita kiasi ile wishiboni ya chini (mkono unaoshika tairi kwa chini) inapita usawa na kuanza kupanda kuelekea kwenye tairi, na hapo bodi inapata nguvu zaidi ya kulala kwenye kona. Yaani umeshusha ili isilale, umeongeza tatizo. Kwa barabara zetu mimi naishia sentimita 2.5 mpaka 3, zaidi ya hapo ni ya picha.

Namba moja kwangu ni springi fupi pamoja na shokapu fupi zilizotengenezwa kwa ajili yake. Shokapu ya Bilstein B8 ni ya gari iliyoshushwa, B6 ni ya urefu wa kawaida, zinafanana rangi kwa hiyo soma boksi vizuri usije ukauziwa siyo. Bilstein wana pia B12 ambayo ni B8 na springi za Eibach kwa pamoja, ukikuta ipo kwenye orodha ya bodi yako chukua, kazi imeisha. Naiweka juu kwa sababu haina kitu cha kuzungusha, fundi hawezi kuiharibu kwa "kuseti", na ukivuka matuta na rasta kila siku kwenda kazini mgongo unakushukuru. Watu wataiona ya kizee, sawa tu.

Namba mbili koilova, yaani shokapu iliyovishwa springi ambayo unaweza kuibadili urefu kwa kuzungusha, na hapa ndipo hela inapotea sana. Kuna aina mbili mkuu. Ya kwanza unashusha kwa kuteremsha kile kisahani kinachokalia springi, ukiteremsha sana springi inalegea na shokapu inabaki na nafasi ndogo ya kuingia ndani, tuta dogo tu inagonga raba ya mwisho. Ya pili unazungusha kikombe cha chini kabisa, urefu unabadilika bila kuila hiyo nafasi, hii ndiyo ya kutafuta. Tein Flex Z ipo hivyo na ina hatua 16 za ugumu, BC Racing BR nayo ipo hivyo na ina hatua 30, ingawa kiukweli utazitumia tatu nne hizo nyingine ni za kuhesabu. Ila kofia za juu, zile zinazoshikisha shokapu kwenye bodi, zikiwa za chuma zisizo na raba zinapiga kelele, koko koko kwenye vumbi na mashimo, usije ukabadilisha bolijointi nzima nzima ukidhani ndizo. Ukikaa Dar, Tanga au Mombasa chumvi inakula nyuzi mpaka pete hazifunguki, osha, paka grisi, au kama mfuko unaruhusu chukua KW ambao bodi zao ni chuma kisichoshika kutu. Za mtumba kagua fimbo ya shokapu, ikiwa na mikwaruzo au mafuta yanavuja achana nayo hata muuzaji akuapie.

Namba tatu springi peke yake: Eibach Pro-Kit, RS-R, Tein S-Tech, hizo zinajulikana. Ni sawa kama shokapu zako bado nzima na unashuka kidogo. Bei ndogo kweli, lakini shokapu za kawaida zikifanya kazi chini ya urefu wake zinachoka mapema, kwa hiyo utanunua tena.

Mfumo wa hewa kama wa Air Lift nauweka wa nne, sio kwamba mbaya, unainua gari kwenye tuta unashusha ukiegesha, raha. Ila kompresa, tenki, mabomba na waya vyote vinahitaji fundi anayevijua, na ukianza kuvuja usiku njiani utalala hapohapo.

Kukata springi kwa grainda sikupi hata namba. Ikiwa fupi kuliko shokapu, gari ikiinuliwa springi inalegea inatoka kwenye kiti chake, na wale wanaoichoma moto ndio wanaua chuma kabisa.

Ukishanunua, bushi za wishiboni zikazwe gari ikiwa imesimama kwa tairi zake, sio inaning'inia kwenye jeki, la sivyo zinabaki zimejikunja na zinachanika mapema. Wili alaimenti ni lazima, tena ifanyike baada ya springi kukaa, wiki moja mbili hivi, maana tairi za nyuma zikilala kwa ndani zinaisha upande mmoja bila wewe kuona mpaka nyaya zitokeze.