Vifaa vya Kutoa Hewa Kwenye Klachi ya Mafuta: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Pikipiki nyingi zinazobeba abiria Nakuru na Kisumu hutumia klachi ya waya, na wenye pikipiki hizo hawahitaji kifaa chochote kati ya hivi. Mwongozo huu unawahusu wenye pikipiki kubwa, kama vile Yamaha FJR1300 au Honda ST1300, ambazo mkono wa klachi husukuma mafuta kutoka silinda ya juu, iliyo kwenye usukani, hadi silinda ya chini iliyo kwenye injini.

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha kwamba tatizo ni hewa. Mkono ukiwa laini, kisha ukakaza baada ya kubanwa mara kadhaa mfululizo, yaelekea hewa imo ndani ya mafuta. Ukiubana na kuushikilia huku gia imeingia, kisha pikipiki ikaanza kujivuta taratibu, shuku sili (mipira ya kuzuia mafuta yasivuje) za silinda ya juu. Mafuta yakipungua na silinda ya chini ikalowa, shuku sili za huko. Katika hali hizo mbili, nunua sili mpya kwanza, kwa sababu hakuna kifaa cha kutoa hewa kitakachoziba uvujaji. Injini ikinguruma bila pikipiki kuongeza mwendo, angalia pleti za klachi.

Ununuzi wa kwanza ni mafuta yenyewe, na hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Soma maandishi yaliyo kwenye kifuniko cha chombo cha mafuta kabla ya kumsikiliza muuzaji yeyote. Pikipiki nyingi za Kijapani huandikwa DOT 4, yaani daraja la mafuta ya breki, lakini baadhi ya klachi, hasa za Magura, hutumia mafuta ya madini, na ukizitia DOT 4, sili zake zitaharibika. DOT 5, licha ya namba yake kuwa kubwa zaidi, ni ya silikoni na haichanganywi na DOT 4; inayochanganyika nayo ni DOT 5.1. Chagua chupa ndogo ambayo haijafunguliwa, kwa kuwa DOT 4 hufyonza unyevu wa hewani: ikiwa mpya lazima ihimili angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka, lakini ikishanyonya maji kiwango cha chini kinachokubalika ni nyuzi 155. Kwa mkazi wa Kisumu, ambako ziwa liko jirani, chupa iliyokaa nusu rafuni tangu mwaka jana haina thamani hata ikitolewa bure.

Kati ya vifaa, nafasi ya kwanza naipa bomba la sindano la mililita 60 pamoja na mrija laini unaopitisha mwanga. Hiki ndicho kifaa cha bei nafuu kuliko vyote, na ndicho kinachofuata tabia ya hewa, ambayo hupanda juu daima. Unafyonza mafuta machafu kutoka chombo cha juu na kutia safi, unaunganisha mrija uliojaa mafuta kwenye skrubu ya kutolea hewa ya silinda ya chini, unailegeza kidogo kwa spana, kwa kawaida namba 8, kisha unasukuma polepole ili mapovu yatokee juu. Chombo cha juu hujaa upesi, kwa hiyo msaidizi aendelee kukipunguza kabla hakijafurika, kwani DOT 4 huondoa rangi ya tangi. Weka maji karibu ya kuosha papo hapo.

Nafasi ya pili ni mrija wenye vali inayopitisha mafuta upande mmoja tu. Humfaa mtu anayefanya kazi peke yake na ambaye klachi yake haijaingiwa na hewa nyingi, yaani anabadilisha mafuta tu. Silinda ikiwa tupu kabisa, utabana mkono hadi kiganja kiumie.

Pampu ya mkono ya kufyonza, ambayo wauzaji huisifu sana, naiweka ya tatu. Hufyonza hewa ya nje kupitia nyuzi za skrubu, na mnunuzi akaendelea kuona mapovu yasiyoisha yasiyotoka ndani ya klachi. Isitoshe, nguvu yake hutegemea kanieneo ya hewa, na Nakuru, iliyo kwenye kimo cha takriban mita 1,850, ina kanieneo pungufu karibu kwa moja ya tano kuliko pwani. Tofauti hiyo haiizuii kufanya kazi, lakini haihalalishi bei yake kwa mwenye pikipiki moja. Fundi mwenye karakana ana hesabu nyingine.

Skrubu za kutolea hewa zenye vali ya ndani, zinazofungwa badala ya ile ya kawaida, ni za mwisho, kwa sababu lazima nyuzi zake zilingane kabisa na za silinda yako, na kupata kipimo sahihi huku magharibi kunaweza kumaanisha kuagiza kutoka Nairobi.

Mapovu machache yakibaki, usirudi dukani. Geuza usukani ili silinda ya juu iwe juu kuliko sehemu nyingine zote, funga mkono wa klachi kwa ukanda wa tyubu kuukuu, uache usiku kucha, kisha uufungue asubuhi na kuubana taratibu, huku ukiangalia mafuta katika chombo.