Ua la mbuni kwenye hariri: mfumaji wa nyuma ya Soko la Mbuyuni, Moshi

Mimi ni fundi cherehani. Nimezoea vitenge, ambako ua limepigwa chapa juu ya kitambaa. Safari hii nilitaka mtandio wa hariri kwa sendofu ya mdogo wangu, uwe na ua la mbuni, yaani mti wa kahawa, lile jeupe la petali tano, na nilitaka ua liwe ndani ya kitambaa chenyewe.

Mfumaji hakugusa uzi. "Dada, kwanza tuchore." Akanipa karatasi ya grafu na rangi za maji. Kila kiboksi ni mahali uzi wa mtande, ule wa urefu, unapokutana na uzi wa mshindio, ule wa upana: chenye rangi, mshindio unapita juu na kuonekana, kitupu, unapita chini. Ukutani amebandika nakala ya mchoro wa Anna Maria Garthwaite, aliyechora maua ya hariri kule Spitalfields, London, katika karne ya 18. Mama yule hakuwa mfumaji. Alichora, wengine wakafuma.

Sasa lawama yangu. Kipande cha majaribio kilitoka na ua refu, kama limevutwa. Mtande wake una nyuzi 24 kwa sentimita, mshindio 16, na grafu ya shule ina viboksi vyenye pande sawa. Ua la viboksi 48 kwa 48 likawa sentimita 2 kwa 3. Wachoraji wa Lyon, Ufaransa, walikwepa hili kwa kupiga mistari ya karatasi kulingana na wingi wa nyuzi. Alipaswa kuniambia kabla sijakaa jioni mbili nikipaka.

Alikiri, pole akatoa, akachora upya bila kunidai: 48 kwa 32. Kwenye karatasi ua lilionekana limebonyea, nikasita. Kwenye hariri likatoka duara safi! Ukilisogeza karibu na jicho, ukingo wa petali ni ngazi ndogo ndogo, kiboksi kwa kiboksi. Ukinyoosha mkono, ngazi zinapotea na petali inajikunja yenyewe.

Nimelipa 180,000, wiki tano. Kwa kazi ile, bei ni halali kabisa, na nitarudi. Ukienda, dai kipande cha majaribio kabla mtandio haujaanza, na uulize nyuzi ngapi kwa sentimita, pande zote mbili. Karatasi ya mchoro hubaki kwake. Mimi niliomba yangu, akanipa.