Gamescope, KWin na picom katika chumba cha michezo cha Katuba

Katika chumba chetu cha michezo hapa Katuba, Lubumbashi, tuna kompyuta sita za mitumba ambazo vifaa vyake vinatofautiana sana. Mbili zina kadi ya grafiki ya Radeon RX 570, moja ina GTX 1050 Ti, mbili zinategemea grafiki iliyomo ndani ya prosesa ya Intel ya kizazi cha nane, na ya sita ni ya kizazi cha tatu, mashine ya ofisi iliyochoka lakini bado inawaka kila asubuhi. Zote zinatumia mfumo endeshi wa Linux. Kwa miezi mitatu nimekuwa nikizijaribu na komposita mbalimbali za programu huria, kwa sababu wachezaji wengi wanaolaumu kadi ya grafiki huwa wanaonewa na komposita bila kujua.

Komposita ndiyo programu inayokusanya picha za madirisha yote na kuziunganisha kuwa picha moja inayopelekwa kwenye skrini. Kila picha ya mchezo hupita mikononi mwake. Ikiishikilia mno, mchezaji anabonyeza kitufe na gari linapinda baadaye. Ikiiachilia wakati skrini iko katikati ya kuchora, nusu ya juu inaonyesha picha ya zamani na nusu ya chini picha mpya, yaani picha inachanika. Skrini zetu zote ni za 60 Hz, yaani hujichora upya mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo komposita ina milisekunde 16.7 tu za kufanya kazi yake kila mara.

Gamescope ndiyo niliyoitumia zaidi, nami nasema mapema kwamba ndiyo ninayoipenda. Ilitengenezwa na kampuni ya Valve, na ndiyo inayoonyesha michezo kwenye Steam Deck, kifaa cha michezo cha mkononi kilichoanza kuuzwa mwaka 2022. Haikusudiwi kusimamia meza nzima ya kazi. Inauzungushia mchezo mmoja ulimwengu wake mdogo, inaudanganya kuhusu ukubwa wa skrini, kisha yenyewe inaikuza picha. Kwenye mashine mbili za Intel naandika hivi katika chaguo za kuanzisha mchezo ndani ya Steam, duka la michezo la Valve: gamescope -w 1280 -h 720 -W 1920 -H 1080 -F fsr -f -- %command%. Mchezo unachora pikseli 921,600 badala ya 2,073,600, yaani chini ya nusu ya kazi, na Gamescope inaijaza skrini kwa kutumia FSR ya kwanza, mbinu ya kukuza picha ambayo AMD iliitoa mwaka 2021 na kuufungua msimbo wake mwaka huohuo.

Matokeo yake yanategemea mchezo. FSR hii huitazama picha moja peke yake bila kukumbuka zilizotangulia, kwa hiyo kingo zilizokuja na meno hutoka na meno makali zaidi, na maandishi madogo ya mchezo nayo hukuzwa pamoja na kila kitu kingine hadi yakapoteza ung'avu. Katika SuperTuxKart, ambao una rangi pana na maandishi makubwa, kasoro hiyo haisumbui. Katika Counter-Strike 2, ambapo adui wa mbali ni pikseli chache tu, naona afadhali kupunguza vivuli na kuacha ukubwa halisi wa skrini. Anayetaka kulinganisha mwenyewe abonyeze Super (kitufe chenye alama ya Windows) pamoja na U mchezo ukiendelea: FSR inawaka na kuzimika papo hapo, na jicho linaamua.

Jambo lililonifunza mengi ni kikomo cha fremu, yaani idadi ya picha ambazo mchezo unachora kwa sekunde. Umeme wetu hukatika kwa mgawo, delestaji kama tunavyosema, na wakati huo chumba kizima huhamia kwenye inveta na betri zake. Kadi inayochora fremu nyingi kuliko skrini inavyoweza kuonyesha inaunguza betri bure. Gamescope ina chaguo la -r linaloweka kikomo, na -o kwa ajili ya wakati dirisha la mchezo halitazamwi, pale mtoto anapoinuka kwenda kununua maji na kuuacha mchezo wazi.

Mwanzoni niliweka 40, nikidhani ni njia ya kati kati ya 30 na 60. Nilikosea, na sababu yake ni hesabu rahisi: kwenye skrini ya 60 Hz, fremu 40 hazigawanyiki sawasawa, hivyo picha moja hukaa milisekunde 16.7 na inayofuata 33.3, na mwendo unakuwa kama wa mtu anayechechemea. Steam Deck ya kwanza inaweza kutumia 40 vizuri kwa sababu skrini yake yenyewe hushuka hadi 40 Hz, zetu hazishuki. Nilipoweka 30, kila picha ikakaa vipindi viwili kamili vya skrini. Niliwasha MangoHud, kichombo huria kinachochora mstari wa muda wa kila fremu juu ya mchezo, nikauona mstari uliokuwa na meno kama msumeno ukilala. Kijana mmoja aliyekuwa akiendesha gari kwenye SuperTuxKart, ambaye sikuwa nimemwambia lolote, aligeuka akaniambia: «Yaya, sasa usukani unanisikia.» Fremu zilikuwa zimepungua, lakini zilikuwa zinafika kwa wakati wake.

Kuna usumbufu ambao wenzetu wa Kongo watakutana nao mara moja. Kibodi zetu ni za AZERTY, na ndani ya Gamescope kibodi inaweza kusomwa kwa mpangilio wa Kimarekani: unabonyeza A, inaandikwa Q, unabonyeza Z, inaandikwa W. Kwangu tatizo liliondoka nilipotanguliza XKB_DEFAULT_LAYOUT=fr mbele ya amri yote. Nimeiandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani, maana bila hiyo hata jina la mchezaji haliandikiki.

Gamescope inahitaji Vulkan, lugha ambayo programu huitumia kuiamuru kadi ya grafiki, na hapo ndipo ukomo wake ulipo. Kwa AMD inataka Mesa, yaani draiva huria za grafiki, toleo la 20.3 au jipya zaidi, kwa Intel 21.2. Kwa Nvidia inataka draiva 515.43.04 au mpya zaidi, pamoja na nvidia-drm.modeset=1 katika vigezo vya kernel, kiini cha Linux. Mashine yenye GTX 1050 Ti inatimiza masharti hayo, lakini nimeiacha kwenye KWin, komposita ya meza ya kazi ya Plasma 6, chini ya Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye Linux. Tangu Plasma 6.1 na draiva 555, zote za mwaka 2024, pande hizo mbili zinaelewana waziwazi kuhusu ni lini picha imekamilika kuchorwa, na kwa kadi za aina hiyo makubaliano hayo yana maana kuliko ukuzaji wowote wa picha.

KWin inanivutia pia kwa sababu haihitaji amri ndefu. Mchezo ukijaza skrini, inaweza kuipitisha picha yake moja kwa moja bila kuiunganisha na kitu kingine, na katika mipangilio ya skrini kuna mahali pa kuruhusu picha ichanike kwa anayethamini haraka kuliko uzuri. Kwa mtu mwenye kompyuta moja nyumbani, anayeandika kazi za shule mchana na kucheza usiku, ningempa KWin bila kusita, na Gamescope angeiita tu kwa mchezo mzito. Sway, komposita nyingine ya Wayland, nayo ni nyepesi na ya kutegemewa, ila kila kitu chake kimo ndani ya faili la maandishi, na siwezi kuwadai watoto wa miaka kumi na miwili kulihariri. Mutter, komposita ya meza ya kazi ya GNOME, sikuikalia muda mrefu.

Mashine ya sita ina hadithi yake. Mesa yenyewe hutoa onyo kwamba Vulkan kwenye grafiki ya Intel ya kizazi cha tatu haijakamilika, kwa hiyo Gamescope haina nafasi pale. Nimeirudisha kwenye X11, mfumo wa zamani uliotangulia Wayland, na picom kama komposita. Picom ni tawi la compton, komposita ya zamani, na katika faili lake la mipangilio kuna mstari mmoja unaostahili kukumbukwa: unredir-if-possible = true. Dirisha likijaza skrini yote, picom inakaa kando na kuuacha mchezo uzungumze na skrini wenyewe. Picha inaweza kuchanika kidogo, lakini mashine dhaifu hailipi ushuru wa komposita, na michezo ya zamani inakimbia.

Kuhusu HDR (mwanga na rangi za upana mkubwa) na skrini zinazobadilisha kasi kufuata mchezo, Gamescope na KWin zinaziweza zote mbili. Skrini zetu za ofisi hazina hata moja, kwa hiyo sikuzipa alama.

Basi Gamescope imebaki kwenye mashine nne, KWin kwenye moja, picom kwenye moja. Umeme ukikatika, zile nne naziweka -r 30 kabla ya kumruhusu mtu yeyote kuketi.