Steshenari ya Mwanga iliyonivusha baada ya miezi saba ya "pita wiki ijayo"

Sisi ni Wakongo wa Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Huu ni mwaka wa tisa tunaishi Kigoma. Mume wangu ana kibali cha ukaazi kwa ajili ya biashara yake, watoto wawili wanasoma, wa mwisho bado yuko mgongoni. Kilichotutesa ni kuwaingiza watoto kwenye maombi ya baba yao kama wategemezi. Miezi saba nimepanda na kushuka Barabara ya Lumumba, bahasha ya kaki kwapani, na kwenye dirisha la Uhamiaji jibu ni lilelile: faili bado.

Mara ya kwanza fomu nilijaziwa kwenye steshenari nyingine. Kijana alinifungulia barua pepe, akapokea hela yake, tukaachana. Kumbe ujumbe wa kutaka marekebisho ulikuwa umeshatumwa tangu mwezi wa pili, umelala kwenye barua pepe ambayo hata nywila yake sikupewa. Nililia siku niliyojua.

Jirani akanielekeza kwa dada mmoja pale Mwanga. Akanisogezea stuli: "Karibu mama. Nataka vyeti vyenyewe, siyo kopi." Akavipanga mezani, akavisoma kimoja kimoja, kidole kikipita chini ya kila jina. Mwisho akauliza kwa upole, "Samahani mama, hawa baba yao ni mmoja?"

Ni mmoja. Ila kwetu majina hayaendi kama huku. Tangu Mobutu, aliyekuwa rais wetu, alipopiga marufuku majina ya Kizungu mwaka 1972, tumezoea kuandikwa jina na jina la pili, na la ubatizo likarudi baadaye. Mara nyingi mtoto habebi jina la baba. Mkubwa wangu ana la babu yake mzaa mama, anayemfuata ana la shangazi yake. Fomu ya huku inataka jina la kwanza, la baba, na la ukoo. Kwa mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, hao ni watoto wa watu wengine kabisa. Miezi saba, na hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo.

Alinituma kwa wakili nikaapa hati ya kiapo kuhusu majina, na vyeti vya Kifaransa vikatafsiriwa. Niliporudi, barua pepe tulifungua kwenye simu yangu mwenyewe, nywila nikaiandika kwenye daftari langu. Faili zilizokuwa nzito akazipunguza hadi mfumo ukazipokea. Alinitoza shilingi 15,000, na nilipompigia baadaye kuuliza maswali hakuongeza hata senti.

Namnyima nyota moja tu, kwa sababu ya chumba. Ni chembamba, wanaosubiri kutoa kopi wanasimama nyuma yako na kusoma mambo yako yote kwenye kioo. Na ukienda, mwombe azifute faili zako kwenye kompyuta kabla hujatoka. Mimi nilimwomba, akafuta nikiangalia.

Wakubwa wawili wamekubaliwa baada ya wiki tatu. Wa mwisho, aliyezaliwa hapahapa Kigoma, ndiye amebaki: kwenye tangazo la kizazi, ile karatasi ya kuonyesha mtoto amezaliwa, jina langu limerukwa herufi moja, kwa hiyo cheti chake cha kuzaliwa bado. Jumatatu asubuhi nampeleka kwa dada, na tangazo lenyewe, siyo kopi.